Mgonjwa Hakutia Saini

Mkataba wetu wa kazi unaelekea kuisha, na katika kikundi chetu cha WhatsApp swali ni moja tu: tunagoma lini? Mimi ni muuguzi katika hospitali ya kaunti na ada ya chama hukatwa kwa mshahara wangu kila mwezi. Lakini kabla ya hiyo lini kuna swali jingine: mgomo wa hospitali humuumiza nani, na je, tuna haki ya kumuumiza?

Sheria haitusaidii sana. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Hatua mbili mbele, kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, na kinasema asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 nayo inataka notisi ya siku saba, kisha inaweka huduma za hospitali kati ya zile muhimu ambazo hazifai kugomewa. Ukitafuta sheria ya kukuunga mkono, basi, utaipata, uwe upande wowote.

Mchuma chai akiweka kikapu chini, mwenye shamba ndiye anayepata hasara. Sisi tukivua glavu, gavana hapotezi kitu. Mishahara yetu anaisimamisha, na yeye akiugua ana bima ya hospitali ya kibinafsi. Anayepoteza ni mama aliyepanda matatu mbili kuja kliniki ya presha. Huyo hakuitwa kwenye majadiliano, wala hakutia saini popote. Tusidanganyane, wenzangu: nguvu ya mgomo wetu inatokana na mateso ya mtu ambaye hajatukosea.

Hapo utasikia: basi msigome, kazi yenu ni wito. Eti wito! Mwenye nyumba hapokei wito mwisho wa mwezi. Na kuna jambo zito zaidi. Watu huhesabu wanaofariki wakati wa mgomo. Nani huhesabu wanaofariki siku ambazo sote tuko kazini? Nimefanya zamu ya usiku peke yangu, wodi ya vitanda 30, vingine vikiwa na wagonjwa wawili wawili. Dripu inaisha huku, mwingine anapumua kwa shida kule, na mtungi wa oksijeni ni mmoja. Asubuhi unaandika ripoti na kwenda nyumbani. Hakuna kamera langoni siku hiyo. Kimya chetu nacho kina maiti zake.

Tena, migomo mikubwa ya madaktari nchini haikuzuka kwa tamaa ya kitu kipya. Ule ulioanza Desemba 2016 na kudumu siku 100 ulihusu makubaliano yaliyotiwa saini 2013. Viongozi wa chama walifungwa jela kabla suluhu haijapatikana. Ule wa 2024, wa siku 56, ulihusu kwa kiasi kikubwa mkataba wa 2017, pamoja na malipo ya madaktari wanagenzi. Hawa walikuwa wakidai deni. Ajabu ni kwamba anayebisha hodi usiku ndiye huitwa mkorofi, si yule aliyekopa akanyamaza.

Kwa hivyo naamini tuna haki ya kugoma. Ninachokataa ni kujiandaa kwa filimbi na matawi ya miti peke yake. Katika mkutano wetu wa mwisho niliuliza ni nani watabaki kwenye chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na kwa wagonjwa wa kusafishwa figo. Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, akanijibu: "Dada, tukiacha watu kazini, mgomo hauna meno. Utachukua miezi mitano badala ya wiki mbili, na watakaoumia watakuwa wengi zaidi."

Hoja yake si ya kijinga, na sina takwimu za kuivunja. Lakini ana uhakika wa wiki mbili kutoka wapi? Kitakachotokea kwa mtoto akitolewa oksijeni leo usiku nakijua. Mgomo utaisha lini sijui, na yeye hajui. Siwezi kulipa kwa uhai wa mtu ninayemwona ili kununua tarehe ambayo hakuna anayeweza kuniahidi.

Siku saba za notisi zina kazi, basi. Ni za kuandika orodha ya watakaobaki kwa zamu, kumwambia mgonjwa wa presha mapema ili apewe dawa za kutosha, na kutafuta pa kupeleka wale wasioweza kungoja. Mgomo wetu ukirefuka kwa sababu hiyo, tutavumilia njaa sisi tuliopiga kura. Mimi nitapiga kura ya ndiyo. Halafu nitaomba jina langu liwekwe kwenye orodha ya zamu ya usiku.