WAZO LA LEO: Moto wa Usiku Kucha

Desemba, ndugu wanaporudi kijijini Kerende kutoka Mwanza, Musoma na Dar es Salaam, nyama ndiyo hutangulia kufikiriwa. Anayetaka kuwalisha mkono wa nguruwe uliopikwa kwa moshi sharti aanze jioni. Sehemu hiyo humbeba mnyama siku zote, kwa hiyo imejaa kano na mafuta. Moto mkali huiunguza nje na kuiacha ngumu ndani. Joto la taratibu, la nyuzi 110 hivi za Selsiasi, kwa saa kumi au zaidi, huzilainisha kano hizo mpaka nyama iachane na mfupa yenyewe. Nyama ikiiva hadi katikati, mabuu ya minyoo tegu hufa pia.

Kazi hiyo si ya mtu mmoja. Mmoja hupunguza kuni, mwingine huangalia moshi, wa tatu hulala kidogo akisubiri zamu. Katika saa hizo mjomba na mpwa wake huzungumza yasiyosemwa kwenye simu: mpaka wa shamba, ada ya shule, ugonjwa wa bibi.

Tukumbuke pia ndugu zetu Waislamu na Wasabato wasiokula nguruwe. Wawashiwe moto wao, wachinjiwe mbuzi wao, watengewe sufuria zao. Heshima hiyo ni sehemu ya karamu.

Mwaka huu usimwachie mpishi usiku mzima peke yake. Chukua zamu yako, na umwite kijana akae nawe.