Shika Mkia wa Neno

Jioni moja mjini Kigoma, mwishoni mwa Februari 2025, binti mmoja aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo alisimama katika darasa langu la Kiingereza la watu wazima. Alikuwa anasoma habari aliyoinakili kutoka kwenye simu. Goma ilikuwa imetekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na darasani hapakuwa na mazungumzo mengine. Sentensi yake ilikuwa fupi: "They took out the commander." Akatafsiri bila kusita: walimtoa kamanda nje. Akakaa.

Nikamwambia, "Dada, hapa hawakumtoa popote. Walimuua."

Akaliangalia daftari lake. "Mwalimu, 'take' si kuchukua? Na 'out' si nje?"

Ni kweli. Maneno yote mawili aliyajua tangu siku zake za mwanzo za kujifunza, na bado mtu alikufa ndani ya sentensi yake asimwone. Nilikwenda nyumbani na jambo hilo, nikalala nalo, na ndilo linalonifanya nikuandikie wewe unayesoma habari za vita kila siku na kubaki na nusu ya maana.

Vita vya eneo letu vinatufikia kwa Kiingereza hata vinapopiganwa mahali ambapo watu wanalia kwa Kiswahili. Mama anakimbia Masisi, mashariki mwa Kongo, na mwanawe mgongoni, anasimulia kwa Kiswahili, maneno yake yanachukuliwa na shirika la habari, yanazunguka dunia, kisha yanaturudia katika lugha ambayo yeye mwenyewe haielewi. Taarifa za Umoja wa Mataifa, makubaliano ya Kongo na Rwanda yaliyotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025, mijadala ya wachambuzi: sehemu kubwa tunaipata kwa Kiingereza. Usipokishika, utasimuliwa habari za nyumbani kwako na mgeni, nawe utamwitikia tu.

Sasa nataka uamini jambo moja. Hivi vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia, ambavyo walimu wengi huviogopa na wanafunzi huvikimbia, wewe una akili ya kuvielewa tayari. Chukua neno letu "piga". Ongeza mkia, upate "pigana". Ongeza tena, upate "pigania", na sasa askari ana jambo analolifia. Shina ni lile lile, lakini mkia umebadilisha kila kitu. Mtoto wa Kiswahili anayajua haya kabla hajaanza shule. Mwingereza anafanya kazi hiyo hiyo, ila mkia wake hauungi kwenye shina. Anauacha usimame peke yake kama kijineno: "out", "off", "down", "back". Umezoea kusikiliza mwisho wa neno. Basi sikiliza kijineno kinachofuata neno, kazi ni ile ile.

Tazama "break". Vita vya Sudan vilizuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, na hapo Kiingereza kinasema "broke out". Mazungumzo ya amani yakikwama na kusambaratika, "broke down". Upande mmoja ukisema basi, hatuzungumzi tena, "broke off". Askari wakitoboa mstari wa adui, "broke through". Ukitafsiri zote kwa "kuvunja", umewapa wasikilizaji wako vita vinavyovunjika siku ambayo ndiyo kwanza vinaanza.

Kinachonisumbua zaidi ni "hold off", na nakuomba utulie na kitenzi hiki. "The army held off an attack": jeshi lilishambuliwa, likazuia. "The army held off attacking": jeshi lilikuwa na nia ya kushambulia, likasubiri. Kitenzi ni kile kile na mkia ni ule ule. Tofauti imejificha katika neno linalofuata. Katika sentensi ya kwanza jeshi ndilo lililovamiwa, katika ya pili ndilo lenye mkuki mkononi. Mtangazaji akikosea hapo, amemgeuza aliyeshambuliwa kuwa mshambuliaji mbele ya nchi nzima, saa mbili usiku. Kisha kuna "hold out", kustahimili bila kusalimu amri, kama mji wa El Fasher nchini Sudan ulivyostahimili mzingiro kwa zaidi ya mwaka kabla ya kuanguka Oktoba 2025.

Yapo pia maneno ya amani yaliyovaa sare. "Company" katika habari za vita ni kombania, si kampuni. "Magazine" ni chombo cha kuwekea risasi. "Mine" ndilo linalotutesa sisi wa ukanda huu, kwa sababu Kivu ina yote mawili. Rubaya, uliotekwa na M23 mwaka 2024, ni mji wa machimbo ya koltani, na hiyo ni "mine". Bomu lililofukiwa ardhini kumsubiri mkulima, nalo ni "mine". Soma sentensi yote kabla hujafungua mdomo. Na "casualties" si waliokufa peke yao: ni waliouawa na waliojeruhiwa kwa pamoja. Nimesikia mara nyingi idadi hiyo ikitangazwa kwa Kiswahili kama ya maiti, na kila mara nimewafikiria majeruhi waliozikwa hewani wakiwa hai, na ndugu zao wakisikiliza redio.

Utasema Kiingereza si lugha yako. Sawa. Basi sikia kisa cha wenye nayo. Aprili 1951, vita vya Korea, kando ya mto Imjin, wanajeshi wa kikosi cha Gloucestershire cha Uingereza walikuwa wamezidiwa na maelfu ya askari wa China. Inasimuliwa kwamba kamanda wa brigedi yao, Brigedia Tom Brodie, alimweleza mkubwa wake Mmarekani kuwa hali ilikuwa "a bit sticky", yaani inanata kidogo. Kwa Mwingereza wa wakati ule hayo yalikuwa maneno ya mtu anayezama. Mmarekani akaelewa kwamba mambo ni magumu kiasi lakini watu wanamudu. Zaidi ya askari 500 wa kikosi kile waliishia kuwa mateka. Watu wawili waliozaliwa na Kiingereza walipishana kwa maneno matatu. Wewe uliyejifunza ukubwani una haki ya kukosea na kujaribu tena, na wala usimruhusu mtu akuaibishe kwa hilo.

Na kwa kuwa lugha yetu haina "the", sisi huwa tunakipuuza kijineno hiki. Tusikipuuze. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama, la Novemba 1967, linaitaka Israel iondoe majeshi yake "from territories occupied" katika vita vya mwaka ule. Maandishi ya Kiingereza hayana "the" kabla ya "territories". Maandishi ya Kifaransa yanasomeka kama maeneo yale yaliyokaliwa. Je, ni maeneo yote au baadhi? Wanasheria na wanadiplomasia wamebishana juu ya pengo hilo kwa zaidi ya nusu karne.

Kuna maneno mengine yaliyooshwa damu makusudi. Machi 2013, azimio namba 2098 la Baraza hilo hilo liliunda brigedi ya kuingilia kati mashariki mwa Kongo, wakiwemo vijana wetu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kazi waliyopewa juu ya makundi yenye silaha iliandikwa "neutralize". Kuua? Kunyang'anya silaha? Kutawanya? Neno lile liliyabeba yote. Watoto wetu walikwenda kupigana chini ya kitenzi kimoja cha Kiingereza, na kila mzazi alikuwa na haki ya kukielewa. Vivyo hivyo "collateral damage": ukikutana nalo, liite kwa Kiswahili raia waliouawa na nyumba zilizobomolewa, maana ndicho kilichotokea.

Usiende kwenye lugha hii kama ombaomba. Kiswahili kina maneno ya vita yaliyokomaa: kuvizia, kuzingira, handaki, kifaru, kombania, kusalimu amri. Mwaka 1979 roketi za jeshi la Tanzania zilipokuwa zikinguruma Uganda, wenyeji waliziita "saba saba", na jina hilo likabaki huko. Una ghala lako. Unachotafuta ni mlango kati ya maghala mawili.

Binti yule wa ng'ambo ya ziwa ameupata kwa njia rahisi. Hakariri orodha. Kila jioni anachagua sentensi moja tu ya habari na kuiandika nzima, pamoja na nani alifanya na nani alifanyiwa. Mkia wa kitenzi anaupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Chini yake anaandika Kiswahili ambacho bibi yake angekielewa, kisha anamsomea mtu wa nyumbani kwa sauti. Kurasa zake anazipanga kwa mikia: ukurasa wa "down" una ndege iliyotunguliwa, "shot down", una uasi uliozimwa, "put down", una askari walioambiwa watulie, "stand down". Akitazama ukurasa, anaona kitu kinashuka chini. Ukurasa wa "back" una majeshi yanayorudi nyuma: "fall back", "pull back". Kitenzi "pull back" amekiwekea alama, kwa sababu jeshi lililofanya hivyo limesogea tu na linaweza kurudi kesho, lakini lililofanya "pull out" limefungasha na kuondoka. Kwa familia inayongoja kurudi kijijini, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kwa hiyo leo usiku, kabla hujalala, fungua habari moja ya vita kwa Kiingereza. Tafuta kitenzi kimoja chenye mkia. Andika sentensi nzima, uitie Kiswahili, umsomee mtu aliye karibu nawe. Kesho chukua nyingine.