Usilikimbie Rundo la Insha

Kama umeajiriwa juzijuzi kufundisha fasihi na uandishi chuoni, ushauri umeshaupata. Wakubwa zako idarani wamekuvuta pembeni: fundisha kwa kiasi, chapisha kwa wingi. Kozi ya Stadi za Mawasiliano, ile inayojaza ukumbi mzima wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wengine wakasimama mlangoni, ivumilie tu mpaka aje mdogo wako umwachie. Na kusahihisha insha hakujawahi kumpandisha mtu cheo.

Hawakudanganyi. Kutoka mkufunzi msaidizi hadi mhadhiri msaidizi, kisha mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, mpaka uprofesa, ngazi hupandwa kwa shahada na kwa makala zilizotoka majaridani. Sijasikia kamati ya vyeo iliyoagiza iletewe insha ya mwanafunzi ili ione mwalimu aliandika nini pembeni. Ni kasoro, na mtakuja kuirekebisha ninyi. Lakini usingoje irekebishwe. Rundo liko mezani leo. Livute!

Mfikirie kwanza aliyeandika ile insha ya juu kabisa. Ametoka kidato cha sita akiwa bingwa wa hoja tatu kwa kila kitabu. Mpe riwaya mbili, atakutolea hoja sita, utangulizi na hitimisho, na dakika zitabaki. Mwenzake wa Kenya amekariri mwongozo wa kitabu teule kuanzia jalada hadi jalada, na kitabu chenyewe pengine hakukimaliza. Hao si wavivu. Mtihani uliwataka hivyo, nao wakautii, wakafaulu, ndiyo maana wako mbele yako. Ila katika miaka yote hiyo hakuna aliyewauliza: wewe mwenyewe, uliposoma, uliona nini? Wa kwanza kuwauliza utakuwa wewe. Nitajie kazi nyingine chuoni yenye heshima kuliko hiyo, nami nitanyamaza.

Basi uliza swali ambalo madesa hayana jibu lake. Chukua riwaya ya Rosa Mistika. Ukiuliza dhamira, utaandikiwa malezi, elimu, mapenzi, kwa mpangilio uleule kutoka kwa watu mia mbili. Badala yake fungua pale Zakaria anapompiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Agiza aya moja: msimulizi amesimama upande wa nani, na umejuaje? Wengine wataguna. Wengine watakuja ofisini kuuliza unataka hoja ngapi. Waambie hutaki hoja ngapi. Unataka waurudie ukurasa mpaka waone. Yupo atakayerudi na jambo ambalo wewe uliyekisoma kitabu hicho mara nyingi hukuwahi kuliona, na usiku huo hutalala mapema kwa furaha.

Aya moja ina faida nyingine: inasahihishika. Insha za kurasa tano zikiwa mia mbili ni kurasa elfu moja, na hakuna binadamu anayezisoma zote kwa haki. Aya mia mbili unazimaliza ndani ya wiki ukiwa bado mtu mzima. Isitoshe, tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, insha ya "jadili dhamira na maudhui" inaandikwa na akili mnemba kabla chai haijapoa. Insha ya namna ile imekufa. Mimi siililii; tulikuwa tunaizika polepole hata kabla ya hapo.

Sasa kalamu. Usitie wino juu ya kila kosa. Mwanafunzi akirudishiwa karatasi nyekundu pande zote, huangalia alama, huikunja, huitia mkobani, basi. Chagua jambo moja tu, lile ambalo akilielewa andiko lake lote litabadilika, uliandike kwa sentensi kamili kama unayemwandikia mtu unayemheshimu. "Hapa ulinishika, halafu ukaniacha njiani, ulitaka kunipeleka wapi?" Mrudishie aandike upya, na alama nyingi ziende kwa andiko la pili. Katika vyuo vyetu vingi alama 40 hutokana na kazi za muhula na 60 na mtihani wa mwisho. Watu huzigawa hizo 40 kwa mazoea, majaribio mawili na insha moja, kwa vile aliyewatangulia alifanya hivyo. Hizo ni zako kuliko unavyodhani. Zipangie kazi ya kuandika na kuandika tena, uone darasa litakavyokuwa kufikia wiki ya kumi.

Kama kozi yako ni ya Kiingereza, kuna mwanafunzi utakayemkuta kila mwaka. Semina nzima amekaa kimya. Mnapotoka, unamsikia kwenye ngazi akimchambua Okonkwo wa Chinua Achebe kwa Kiswahili, kwa ukali na vicheko, mpaka wenzake wamesimama kumsikiliza. Usikubali huyo akamaliza miaka mitatu akiitwa mzito. Fungua semina kwa dakika kumi za mabishano kwa Kiswahili, kisha kila mmoja ainamie karatasi aandike kwa Kiingereza. Kanuni za chuo zinataka andiko liwe la Kiingereza. Hazijasema fikra zipitie njia gani kulifikia.

Utaniuliza: na maandishi yangu mwenyewe je? Hapo ndipo watu hujidanganya kwamba lazima wachague. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970; Rosa Mistika ikatoka 1971, na kwa muda ikapigwa marufuku mashuleni. Mwaka 1974 alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ugomvi aliouchochea kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko unafundishwa hadi leo. Mwaka 1976 alikamilisha shahada ya uzamili kwa tasnifu kuhusu riwaya za Shaaban Robert, mwaka 1985 akapata udaktari Wisconsin, Marekani, kisha zikafuata Nagona na Mzingile, na miaka yake ya mwisho kazini alikuwa akifundisha Botswana. Tafuta katika orodha hiyo mwaka ambao aliweka ualimu kando ili awe mwandishi kwanza. Mimi sijauona. Alikuwa anamsoma Shaaban kama mhakiki huku mkono wake mwingine ukivunja kanuni za ushairi ambazo Shaaban alizishika.

Au mtazame Abdulrazak Gurnah. Aliondoka Unguja akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, katika miaka hiyohiyo akafundisha kwa muda Chuo Kikuu cha Bayero kule Kano, Nigeria, kisha akarudi Kent kufundisha fasihi mpaka alipostaafu 2017. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987. Alipotangazwa mshindi wa Nobel mwaka 2021 alikuwa na riwaya kumi, na tisa kati ya hizo zilikuwa zimetoka kufikia mwaka ule aliostaafu. Tisa, ndugu yangu, ndani ya maisha ya mihula, vikao na karatasi za kusahihisha. Hakungoja likizo ndefu. Hakungoja uprofesa umpe ruhusa.

Kwa hiyo wewe nawe jikatie saa moja, asubuhi kabla simu hazijaanza, uandike cha kwako: riwaya, makala, tamthiliya, lolote. Halafu siku moja moja wapelekee wanafunzi rasimu yako mbovu, yenye mistari iliyokatwakatwa, waone mwalimu wao naye anafuta. Nakuahidi darasa litatulia. Wengi wao wanaamini sentensi nzuri huzaliwa imekamilika, na kwamba wao peke yao ndio waliolaaniwa kufuta.

Sikwambii uridhike na dhiki. Wapo wanaofundisha kwa mikataba ya muda, wanalipwa kwa kozi, na malipo yanafika wakati wanafunzi wameshahitimu. Hilo halitibiwi kwa hamasa. Linatibiwa kwa kudai: ingia kwenye jumuiya ya wanataaluma, UDASA kwa walio Dar es Salaam, UASU kwa walio Kenya, uhudhurie mikutano na uchague viongozi wenye meno. Anayekwambia kwamba kupenda kazi na kudai ujira ni mambo mawili yasiyokaa nyumba moja, mwangalie vizuri. Mara nyingi mshahara wake unaingia tarehe ileile kila mwezi.

Na usidhani mhadhiri kijana hana sauti. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza alitoa waraka kuhusu mustakabali wa masomo ya sanaa. Vijana watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, hawakuridhika na mjadala wa kuongeza hiki na kupunguza kile. Tarehe 24 Oktoba walijibu kwa waraka wao: Idara ya Kiingereza ivunjwe, iundwe idara ya fasihi ambayo Afrika itakaa katikati, na fasihi simulizi iingie darasani kwa heshima kamili. Ngũgĩ alikuwa na miaka 30, hana shahada ya uzamivu. Kilikuwa ni kikaratasi cha mambo ya ndani ya kitivo, si kitabu. Lakini mabishano yake yalivuka ukuta wa kitivo, yakaifikia hata mitaala ya shule za sekondari, na hadi leo kinasomwa kwenye madarasa ya fasihi duniani. Mwanafunzi anayekuja kwako na insha juu ya ngano za bibi yake anapita mlango uliofunguliwa na wale watatu.

Idara yako nayo itapitia mitaala. Kila chuo hufanya hivyo baada ya miaka kadhaa, na kwa kawaida vijana hukaa nyuma wakisubiri chai na maandazi. Safari hii usikae nyuma. Toka na lile rundo: chagua aya tano ambazo wanafunzi wako waliziandika vibaya wiki ya tatu na vizuri wiki ya kumi, omba idhini yao, futa majina, zichape pamoja na kurasa mbili za pendekezo lako kuhusu namna uandishi ufundishwe hapo chuoni. Toa nakala kwa kila mjumbe. Kisha nyoosha mkono mapema, kabla ya ajenda ya "mengineyo", maana hapo nusu ya watu watakuwa wameshaondoka.