Mstari na Filimbi

Watu wa Ikwiriri wanaujua mstari na udhaifu wake. Mji wao umekaa kaskazini ya Mto Rufiji, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na mashamba yao mengi yamo bondeni, ambako mto ni mwenye nyumba na mkulima ni mpangaji. Maji yakijaa hufunika kila kitu. Yakipungua huacha tope lenye rutuba, na katika tope hilo hupandwa mazao ya mlau. Lakini mto utoapo rutuba huchukua alama. Mpaka uliokuwa wazi jana leo hauonekani, na majirani wawili waliokuwa wakiazimana jembe husimama kila mmoja akinyosha kidole mahali pake. Hapo hapana budi atafutwe mtu wa tatu aseme: mpaka upo hapa. Neno la mtu huyo lina nguvu gani, na nguvu hiyo yatoka wapi?

Mwezi wa Aprili 2024 swali hilo liliufikia mji kwa njia mbili. Mto ulifurika, ukafunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Na usiku wa Ijumaa, tarehe 5 ya mwezi huo huo, katika kumi la mwisho la Ramadhani, macho ya nchi nzima yalielekea kwenye televisheni. Young Africans walikuwa Pretoria wakicheza na Mamelodi Sundowns mchezo wa pili wa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mchezo wa kwanza, Dar es Salaam tarehe 30 Machi, ulikwisha bila bao. Katika vibanda umiza, ambako mtu hulipa kidogo akabanwa na mabega ya wenzake ili aone mpira, mwenye shamba lililozama na mwenye duka lililo salama walikaa ubao mmoja.

Katika kipindi cha pili Stephane Aziz Ki alipiga shuti. Mpira uligonga mwamba, ukashuka chini karibu na mstari, ukaruka nje. Wachezaji wa Young Africans waliinua mikono wakidai bao. Waamuzi wa picha walitazama, mwamuzi wa kati hakwenda kuitazama picha kwa macho yake mwenyewe, mchezo ukaendelea. Dakika zote zilikwisha bila bao, Sundowns wakashinda kwa mikwaju ya penalti 3 kwa 2. Tangu usiku huo, Ikwiriri kama kwingineko, wapo wanaoapa kwamba mpira uliingia na wapo wanaoapa kwamba haukuingia. Kila mtu alikuwa na picha, walakini picha haikumpa kila mtu yakini.

Sheria yenyewe ni nyepesi kusema na nzito kupima. Bao hupatikana mpira wote unapovuka mstari wote. Upana wa mstari hauzidi sentimita 12, na kipenyo cha mpira ni kama sentimita 22. Ikiwa kipande chembamba kama ukucha kingali juu ya mstari, hakuna bao. Jambo hili huamuliwa kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na katika uwanja ule hapakuwa na mtambo maalumu wa kupima mstari wa goli. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mwamuzi ni wajibu kutenganisha makosa, maana watu huyachanganya yote katika neno moja la dhuluma.

Liko kosa la jicho. Mtu ameangalia kwa nia njema akaona visivyo. Tarehe 20 Januari 2019, katika mji wa New Orleans, timu za Saints na Rams zilikutana katika mchezo wa kuingia fainali ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono. Matokeo yakiwa sawa na muda ukikaribia kwisha, mlinzi wa Rams alimgonga mpokeaji wa Saints kabla mpira haujamfikia. Uwanja mzima uliona. Waamuzi hawakupiga filimbi. Rams walishinda 26 kwa 23. Baadaye mkuu wa ligi alikiri hadharani kwamba kosa lile lilipaswa kuadhibiwa, na mlinzi mwenyewe hakukana. Mashabiki walikwenda mahakamani, lakini mahakama hazikuurudisha mchezo.

Liko kosa la sheria. Tarehe 19 Januari 2002, katika theluji ya Massachusetts, mchezaji wa Patriots aliangusha mpira na wapinzani wake, Raiders, wakauokota. Picha zilipotazamwa, mwamuzi alisema kwamba kwa maneno ya kanuni ule ulikuwa mpira uliorushwa, si ulioangushwa, kwa sababu mkono ulikuwa bado katika mwendo. Patriots walishinda 16 kwa 13. Mwamuzi aliifuata kanuni. Kanuni ndiyo iliyokuwa mbali na akili ya watu, na mwaka 2013 ilifutwa. Kumtukana mwamuzi kwa kosa la namna hii ni kumpiga tarishi kwa sababu ya barua aliyotumwa.

Na liko kosa la moyo. Hili ni la mtu aliyeona sawa akaamua vingine kwa upendeleo, hofu au faida. Ndilo baya kuliko yote, na ndilo watu hulidhani upesi kuliko yote. Baada ya usiku wa Pretoria wengi walikumbuka kwamba Patrice Motsepe, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika tangu 2021, ndiye aliyeimiliki Sundowns kabla ya kushika cheo hicho, na kwamba klabu ilibaki mikononi mwa jamaa yake. Kukumbuka hivyo si ushahidi wa hila, na mwenye kuhukumu kwa shaka peke yake anafanya dhuluma ileile anayoilalamikia. Lakini shaka nayo haizaliwi bila mama. Mahali ambapo mwenye nyumba na mmoja wa wageni wana udugu, ni wajibu wa mwenye nyumba kugawa chakula mbele ya watu wote. Haki iliyotendwa gizani hupata jina baya hata ikiwa safi.

Hapa husimama mtu mwenye busara akasema: mchezo hauna budi kwisha. Kama kila filimbi ingefunguliwa upya, hapangekuwa na bingwa wala furaha. Kanuni za mpira husema kwamba uamuzi wa mwamuzi juu ya mambo ya mchezo ni wa mwisho, na bila neno hilo mpira ungekuwa kesi isiyo na hukumu. Hoja hii ni ya kweli. Tarehe 31 Mei 2019, mjini Radès, Wydad walikataliwa bao katika fainali ya ligi hii hii dhidi ya Espérance. Ilipojulikana kwamba mtambo wa picha haufanyi kazi, wakakataa kuendelea. Kombe lilitembea kwa miezi kutoka ofisi hadi ofisi, likaishia kwa Espérance. Dai la Wydad lilikuwa na uzito, lakini kwa kuacha kucheza walipoteza nafasi ya kushinda na nafasi ya kushindwa kwa heshima.

Basi kukubali kuna thamani. Lakini hoja ya mtu mwenye busara ina mlango ambao uongo hupitia. Kutoka kusema uamuzi ni wa mwisho, watu huteleza wakasema uamuzi ni wa kweli. Hayo ni mambo mawili. Filimbi yaweza kumaliza mchezo. Haiwezi kuuvusha mpira mstari ambao haukuuvuka, wala kuurudisha uliokwisha kuuvuka. Mtu aliyeshindwa anadaiwa utii, hadaiwi imani. Ana haki ya kusema: nimetoka uwanjani kwa amani, lakini naona hukumu ilikosea. Anayemtaka akiri pia kwamba hakuona aliloliona anamnyang'anya kitu ambacho hakuna mchezo ulioweka dau.

Na utii huo una bei, ambayo hulipwa na mwenye filimbi. Maadamu wengine wamekubali kulitii neno lake hata likikosea, yeye anadaiwa mambo matatu: atazame kwa bidii yote aliyo nayo, aonekane akitazama, na likithibitika kosa, likirishwe. Mwaka 2010, huko Bloemfontein, mpira wa Frank Lampard wa Uingereza uliuvuka mstari waziwazi katika mchezo na Ujerumani na bao halikutolewa. Matokeo hayakubadilishwa. Lakini rais wa FIFA aliomba radhi, na mwaka 2012 mtambo wa mstari wa goli ukaruhusiwa. Walioshindwa hawakurudishiwa siku yao. Walirudishiwa heshima yao, na waliokuja baada yao walirithi sheria iliyo bora.

Mabonde ya Rufiji yanalielewa somo hili kwa uchungu zaidi, kwa kuwa shamba si kombe. Timu iliyodhulumiwa hucheza tena mwakani. Nyumba iliyopoteza shamba huenda isile mwakani. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikulifanya neno la kwanza kuwa la mwisho. Iliweka baraza la kijiji la watu saba, wasiopungua watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Asiyeridhika ana ngazi ya kupanda, hata kufika Mahakama Kuu. Kadiri kitu kinachogombewa kilivyo kikubwa, ndivyo filimbi inavyopaswa kukawia kuwa ya mwisho.

Lakini hakuna baraza wala mtambo utakaomponya mtu asiyetaka kupona. Usiku uleule wa tarehe 5 Aprili, Simba walitolewa na Al Ahly mjini Cairo. Mshabiki wa Simba aliyecheka bao la Aziz Ki lilipokataliwa, na mshabiki wa Young Africans aliyelia, wote wawili walikuwa wakitazama mpira uleule. Ajiulize kila mmoja wao: kama jezi zingebadilishwa, je, jicho langu lingeona vilevile? Ambaye jawabu lake ni hapana hajawa shahidi bado. Ni mshabiki tu. Na mshabiki akiitwa kesho barazani kuonyesha mpaka wa shamba la jirani ambaye hampendi, atanyosha kidole chake wapi?

Mto utapungua, na tope litapandwa. Mistari itachorwa upya, kama ichorwavyo kila baada ya gharika, na watakaoichora ni watu wenye macho yanayokosea. Jirani aweza kuishi na mpaka uliokosewa hatua moja, akijua kwamba aliyeuchora alishuka bondeni, akakanyaga tope, akatazama. Hawezi kuishi kwa amani na mpaka ulionyooka ambao aliyeuchora alikaa barabarani, miguu yake mikavu.