Tarehe ya Kurudi ni ya Nani?



Baba mmoja wa hapa kwetu Manda, mchimba mawe wa Maweni, alinijia jioni moja na kadi ya kliniki mkononi. Aliikuta sandukuni, katikati ya nguo za watoto. Ilikuwa ya mkewe: ametibiwa mlango wa kizazi, arudi kupimwa baada ya mwaka mmoja. Tarehe hiyo ilikwisha kupita miezi minane.

"Katekista," akaniuliza, "mbona amenificha?"

Nami nikamwuliza: "Angekuambia, ungesema nini?"

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Mama anapopimwa kwa siki, huweza kuonekana sehemu zilizobadilika. Hiyo bado si saratani, ila zikiachwa huweza kuwa saratani baada ya miaka mingi. Mganga huziunguza kwa joto au kuzigandisha kwa baridi kali, na mara nyingi mama hurudi nyumbani siku ile ile. Wengi hupona. Kwa wachache mabadiliko hubaki au hurudi, tena bila maumivu yoyote. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka aliyetibiwa apimwe tena baada ya miezi 12, na mwenye virusi vya Ukimwi arudie baada ya miezi 12 mingine. Hapa Kenya hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko hii.

Je, ni nani aikumbuke tarehe hiyo? Kule Uingereza mama aliyetibiwa huitwa baada ya miezi 6, na kipimo huchukuliwa mara nyingi katika kliniki ya daktari wa familia yake. Sisi tuna daktari gani wa familia? Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafundisha mwaka 2005, lakini bado ni wachache mno. Mtu wa Manda huvuka kwa mashua hadi Lamu, na mganga aliyemtibu mwaka jana huenda amekwisha hamishwa.

Mganga ana wajibu wake hata hivyo: aeleze wazi, aandike tarehe, amtafute asiyerudi. Lakini amefungwa na siri. Hawezi kumpelekea mume habari bila idhini ya mke. Basi swali linarudi nyumbani kwenu.

Na nyumbani kuna hofu. Virusi vinavyoleta mabadiliko haya hupatikana kwa njia ya tendo la ndoa. Mama akisikia hivyo hujiona amekwisha hukumiwa. Tena huambiwa apumzike na tendo hilo majuma manne au zaidi. Atamwambia nini mumewe? Wengine husingizia tumbo. Ninyi akina baba, jueni kwamba virusi hivi hukaa kimya miaka mingi, na hakuna daktari awezaye kusema vililetwa na nani wala lini. Huenda ni wewe, kabla hujamjua mkeo.

Wako wanaosema kwamba hayo ni mambo ya wanawake, mume asiulize. Sikubaliani nao. Tuliahidiana mbele ya altare kusaidiana katika ugonjwa na afya, na ugonjwa huu usio na dalili ndio unaohitaji mtu wa pili wa kukumbuka. Lakini sikubaliani pia na mume anayedai kadi kama hati ya shamba lake. Mwili ni wa mama, na siri ni yake. Anayeogopa kupigwa hatendi dhambi akinyamaza, wala hahitaji ruhusa ili apande mashua. Mume anayetaka kuambiwa aanze kwa kuwa mtu anayeambika.

Yule baba alikaa kimya kitambo. "Ningeuliza ameutoa wapi," akasema mwishowe. Kisha akataka kujua mashua ya Jumatatu huondoka saa ngapi.

Jumatatu niliwaona gatini, wote wawili. Kadi alikuwa ameishika mama.