Mto na Kibali Chake

Desturi ya kubisha hodi ni miongoni mwa mambo yanayotutambulisha kuwa watu wa jamii moja. Mgeni hufika mlangoni, hubisha mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka hata kama mlango u wazi. Hodi si ombi la ruhusa tu; ni kukiri kwamba ndani mna wenyewe. Katika makala hii nakusudia kulitazama jambo ambalo wengi huliona kuwa la maofisa na wanasheria, yaani kanuni za Serikali za kutoa leseni na vibali vya kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji, nikiuliza swali la kiutu: mtu atakaye kuutumia mto abishe hodi kwa nani, naye aulizwe nini?

Yaweza kuonekana ajabu mkazi wa Nachingwea na Ruangwa kuandika habari za umeme wa maji. Mito mingi ya huku hufurika wakati wa mvua, na kiangazi kikiingia hubaki mchanga, ambamo akina mama huchimba visima kwa mikono. Lakini mwenye maji haba ndiye aijuaye thamani ya kuuliza maji yanakwenda kwa nani. Tena uchungu wa giza twaujua. Kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea mashine za dizeli, na baadaye gesi ya Mnazi Bay. Kwa hiyo sisi ni mashahidi wa mambo mawili: haja ya umeme na haja ya maji.

Wako wanaosema kwamba kanuni za leseni zimekuwa nyingi mno, nazo zilegezwe ili wananchi na makampuni wajenge mitambo upesi. Maneno yao yana ukweli. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imemsamehe leseni mwenye mtambo usiofikia megawati 1, na huo ni uamuzi wa busara. Hata hivyo, msamaha huo haumwondolei safari. Lipo suala la kibali cha kutumia maji, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Lipo suala la mazingira, kwa Sheria ya mwaka 2004. Lipo suala la ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya mwaka 1999. Kila sheria ina haki yake. Taabu huja pale meza zisipozungumza, mwombaji akawa ndiye tarishi baina yao.

Katika ofisi moja niliyopata kuitumikia, alikuwa akija mzee aliyeomba kukinga kijito ili aendeshe mashine ya kusaga nafaka. Ramani ile ile na barua ile ile zilidaiwa kwake mara tatu. Hakuna aliyemkatalia, wala hakuna aliyemkubalia. Mimi nami nilikuwa mmoja wa waliomwambia aje kesho. Siku moja hakuja, na hakurudi tena. Wahenga walinena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Walioumia hapo si mzee peke yake, bali na wanawake walioendelea kutwanga.

Pamoja na hayo, wahenga hao hao walituachia usemi kuwa haraka haraka haina baraka, na hapa Nachingwea tuna ushahidi wake. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga nchini Tanganyika. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizochaguliwa, na reli ikajengwa kuiunganisha na pwani. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Yatupasa kuzingatia kwamba mpango ule haukukosa kibali. Kibali kilitoka juu kabisa, tena upesi. Kilichokosekana ni maswali: udongo ukoje, mvua hunyesha vipi, na wenyeji wajua nini kuhusu ardhi yao.

Wala tusidhani kwamba kosa hilo ni la wakoloni peke yao. Huko Kihansi, penye mtambo wa megawati 180, ujenzi ulikuwa umeshaanza wakati chura wa aina ya pekee alipogunduliwa mwaka 1996 katika manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalitoweka. Mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa, lakini mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka kwao. Wale waliopona ni waliokuwa wamepelekwa kutunzwa Marekani, na mwaka 2012 baadhi yao walirejeshwa. Umeme wa Kihansi umelifaa Taifa. Hilo halina ubishi. Lakini swali lililochelewa kuulizwa lilitugharimu zaidi kuliko lingeulizwa mapema.

Kutokana na mifano hiyo naona kwamba wanaotaka kanuni nyepesi na wanaotaka kanuni nzito wote wamechanganya mambo mawili. Meza ni kitu kimoja, na swali ni kitu kingine. Tupunguze meza, tusipunguze maswali. Mwombaji apokewe mlango mmoja, kwa jalada moja, nazo ofisi zitafutane zenyewe. Uzito wa maswali ulingane na mzigo ambao mradi utawatwika wengine: gurudumu la kijito lisihojiwe kama bwawa la Rufiji, lenye megawati 2,115. Mto upimwe kiangazi, wakati hauna cha kuficha. Na watu wanaoishi chini ya mto waulizwe katika mkutano wa kijiji, kwa lugha waielewayo, kabla ya saini na si baada yake.

Lipo na jambo la mwisho, linalotuhusu sisi watumishi wa umma. Desturi ya hodi humfunga mgeni, lakini humfunga na mwenyeji pia. Mgeni akiwa mlangoni na mwenyeji yumo ndani, kunyamaza ni utovu wa adabu. Anayeomba kuutumia mto, uwe Mbwemkuru, Lukuledi au mwingine wowote, astahili jibu kwa muda uliowekwa, na akikataliwa aelezwe sababu kwa maandishi. Mto si mali ya afisa mwenye muhuri. Yeye amewekwa mlangoni tu kwa niaba ya waliomo ndani. Basi na aitikie, na akishaitikia, aulize.