Masazo ya Fundi

Kwenye Mombasa Road, asubuhi, huonekana mara kwa mara gari ambalo mgeni hulitazama mara mbili. Lina injini, magurudumu, usukani na dereva aliyejifunga koti zito na kuvaa miwani ya kuzuia vumbi. Halina paa, mlango wala dirisha. Ni chesi ya matatu iliyotoka kiwandani ikielekea kwenye karakana za kujenga bodi za magari, Industrial Area.

Kiwanda cha Isuzu East Africa, ambacho wengi bado hukiita General Motors na ambacho kimeunganisha magari Nairobi tangu miaka ya 1970, huuza chesi hiyo ikiwa hivyohivyo. Mwenye matatu hujitafutia mtu wa kumjengea yaliyobaki. Basi mchomeleaji hukata vyuma vya fremu, mwenzake hukunja mabati, fundi wa viti huvalisha sponji kwa ngozi bandia, fundi umeme hupitisha nyaya za taa na spika, na mchoraji huja mwisho na rangi zake. Wapo miongoni mwao wanaofika kazini kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, mitaa iliyojibana nyuma ya viwanda vyenyewe.

Kiwanda hakikuacha kazi hiyo kwa huruma. Ni hesabu za biashara tu. Hata hivyo, gari linatoka likiwa na nafasi ya mkono wa mtu mwingine, mtu ambaye mhandisi aliyechora injini kule Japani hamjui wala hatamjua. Kwenye laptopu nafasi kama hiyo inazidi kufungwa mwaka hadi mwaka, na mjadala wake umeachiwa mafundi na wapenda teknolojia. Wenye dini nao wangefaa kuingia, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo vitabu vyao vimelishughulikia kwa karne nyingi: mtengenezaji wa kitu anadaiwa nini na mtu atakayekuja baadaye?

Chukua laptopu mbili ambazo mteja wa Luthuli Avenue, Nairobi, anaweza kuwekewa mezani siku moja, zote za mtumba. Ya kwanza ni ThinkPad T480 ya 2018. Fundi hulegeza skrubu za chini, hupitisha kipande chembamba cha plastiki kwenye ukingo, mfuniko unabanduka, na sloti mbili za RAM, kumbukumbu ya kompyuta, ziko hapo zinamtazama. Husukuma vishikio viwili kando, RAM ya zamani inainuka yenyewe, huichomeka mpya kwa mshazari kisha huilaza hadi ilie “ta”. Dakika kumi, pamoja na stori. Ya pili ni MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020. RAM yake imo ndani ya kifurushi kimoja na prosesa, na hifadhi yake imelehemiwa kwenye madabodi. Mteja akiuliza kama GB 8 zinaweza kuongezwa, jibu ni fupi: “Hiyo haiongezeki, bosi. Uza, uongeze pesa ununue nyingine.”

Hizo GB 8 zilichaguliwa mbali. Mwaka 2020 Apple ilidai dola 200 zaidi kwa mwenye kutaka GB 16. Mtu fulani London au Toronto alipima matumizi yake, akaona nane zinamtosha, akabaki na dola zake. Wala hakukosea, zilimtosha kweli. Lakini bila kujua alimwamulia pia mwanafunzi wa Makadara ambaye angeinunua laptopu hiyohiyo miaka mitano baadaye, akiwa na programu nzito zaidi na mfuko mwepesi zaidi. Ukiwa na sloti, kosa la mnunuzi wa kwanza hurekebishika. Pasipo sloti, linarithiwa.

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, mwenye shamba anakatazwa kuvuna hadi pembe za shamba lake na kurudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Ajabu ya amri hiyo ni kwamba haimwombi mtu atoe sadaka. Sadaka hutoka mkononi mwa mwenye mali, naye huchagua ampe nani na kwa uso gani. Pembe za shamba huachwa tu, na mgeni huingia kuvuna mwenyewe, kwa jasho lake, pasipo kumpigia mtu magoti. Ndivyo Ruthu, mwanamke wa Moabu, alivyoingia katika shamba la Boazi, na Boazi akaongeza lake: aliwaagiza wavunaji wake wachomoe mashuke kwa makusudi na kumwachia njiani. Qur'ani, katika Surat Al-An'am aya ya 141, inaamuru haki ya mavuno itolewe siku ileile ya kuvuna, na papo hapo inakataza israfu. Mambo hayo mawili yamewekwa katika pumzi moja, kana kwamba kumnyima mwingine fungu lake na kufuja mali ni ugonjwa mmoja.

Sloti ya RAM ni pembe ya shamba. Mhandisi anayeiacha anawaachia kazi mtu wa tatu, yaani yule mnunuzi wa baadaye, na fundi wake. Haimgharimu kitu kikubwa: milimita chache za unene na senti chache za plastiki na shaba.

Au ndivyo inavyoonekana kutoka nje. Ndani ya mashine kuna hoja ambazo mhubiri hana budi kuzisikiliza kabla ya kupanda mimbari. Mawimbi ya umeme yanayokimbia kati ya prosesa na RAM hupenda njia fupi. Kila milimita ya ziada na kila kiungo cha kuchomeka huharibu usafi wa mawimbi hayo na kula nguvu. RAM za jamii ya LPDDR hutumia volti ndogo, na kwa miaka mingi hazikuwa na namna ya kuwekwa isipokuwa kulehemiwa karibu na prosesa. Malipo yake ni kasi, wembamba, na betri inayodumu. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu Kenya nzima, mwenye laptopu ya kushinda na chaji siku nzima hakuwa na sababu ya kumlaani aliyelehemu.

Na sloti nazo zina maradhi yake. Palipo na vumbi la viwanda na la barabara, meno ya dhahabu ya RAM hushika uchafu hadi mashine ikagoma kuwaka. Mafundi huyasugua kwa raba ya penseli, raba ileile ya watoto wa shule, kisha huirudisha RAM mahali pake na skrini ikawaka. Mteja hudhani amefanyiwa muujiza. Chipu iliyolehemiwa haina tatizo hilo.

Isitoshe, “haiwezekani” ni neno linalosemwa upesi. Fundi mwenye bloa ya hewa moto, darubini na mkono usiotetemeka huweza kung'oa chipu ya RAM iliyolehemiwa na kupachika nyingine kwenye mashine nyingi zisizo na mpangilio kama wa M1. Lehemu ya zamani, ya bati na risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku risasi katika vifaa vya elektroniki ili kulinda afya za watu, viwanda vimehamia lehemu inayoyeyuka karibu na nyuzi 217. Kwa kiwanda tofauti hiyo ni namba kwenye tanuri. Kwa fundi wa kibandani ni plastiki ya jirani inayoanza kupinda. Akishinda hapo bado ana kazi: kuna rezista ndogo kama chembe za mchanga zinazoiambia mashine imebeba RAM ya ukubwa gani, nazo zinatakiwa kuhamishwa, la sivyo mashine itaendelea kuhesabu kiasi kilekile cha zamani. Kazi ya dakika kumi imekuwa kazi ya siku nzima, na gharama inakaribia bei ya mashine nyingine. Lehemu haikumfungia mtu wa tatu mlango, ilimpandishia kiingilio.

Kwa hiyo si haki kuweka kila kilicholehemiwa katika fungu la dhambi. Surat Al-Qalam inasaidia kupambanua. Inasimulia wenye bustani walioapa kwamba wataamka alfajiri kuvuna, ili maskini yeyote asiwahi kuingia. Walipofika waliikuta bustani imeteketea. Kuvuna kwenyewe hakukuwa kosa, bustani ilikuwa yao. Kosa lao lilianza kwenye mpango, pale walipopanga saa ya kuvuna kwa lengo la kumfungia mtu nje.

Ukiishika tofauti hiyo, laptopu hugawanyika upya, na mstari hauko tena kati ya lehemu na sloti. Kuna kizuizi kilichotokana na maumbile ya umeme, na kuna kizuizi kilichotokana na utashi wa mtu. Mwaka 2018 Apple ilianza kuweka chipu ya T2 katika MacBook, chipu inayoweza kuifungia mashine kwa akaunti ya mwenyewe. Kufuli hilo lina sababu njema, wizi, na mkazi wa Nairobi ambaye ameporwa begi kwenye matatu hahitaji kuelezwa. Lakini kampuni kubwa hubadilisha laptopu zake kwa mamia, na zikiuzwa bila kutolewa kwenye akaunti hufikia wanunuzi zikiwa nzima kabisa, skrini safi, betri nzuri, na hazina kazi ila kukatwakatwa kwa ajili ya spea. Mashine imekufa kwa kukosa neno la siri ambalo hakuna anayelikumbuka. Hapo hakuna sheria ya fizikia ya kusingiziwa.

Nayo fizikia inaweza kusukumwa. Mwaka 2022 Dell ilitoa moduli bapa ya RAM, CAMM, inayokaa juu ya madabodi na kufungwa kwa skrubu. Desemba 2023 JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya kumbukumbu za kompyuta, kikaifanya kuwa kiwango cha pamoja kwa jina CAMM2, pamoja na sura yake ya LPDDR. Mwaka 2024 ThinkPad P1 ya kizazi cha saba ikauzwa ikiwa nayo. Kilichosemwa kwa miaka kwamba lazima kilehemiwe sasa kilifungwa kwa skrubu. Upande wa pili kuna Framework, kampuni ya Marekani iliyojijengea jina kwa laptopu za kufunguka. Mwaka 2025 ilitangaza kompyuta ya mezani yenye RAM iliyolehemiwa, ikaeleza wazi kwamba iliiomba AMD, mtengenezaji wa prosesa yake, njia nyingine, wahandisi wakajaribu, ikashindikana kwa kasi iliyotakiwa. Wateja wake walinung'unika, na walikuwa na haki. Hata hivyo, aliyejaribu kuacha pembe akashindwa hafanani na asiyewahi kuuliza.

Kuna pingamizi moja linalouma kuliko yote, na halitoki kwa wahandisi. Kwa nini Nairobi iishi kwa masazo? Jiji linalojiita kitovu cha teknolojia cha ukanda huu linaombewa kona ya shamba la wengine, kompyuta zilizochoka za ofisi za Ulaya. Pingamizi hili ni la haki, lakini chesi ya matatu inalipunguza makali. Anayejenga bodi ya gari hajioni mwokota masazo. Anauza ujuzi, ana bei, ana mwanafunzi anayemfunza kuchomelea. Kilichohitajika ni chesi kumfikia ikiwa wazi kwa mikono yake. Kadhalika Ruthu hakuishia kuwa mwokotaji, aliolewa na Boazi na kuwa mama wa ukoo wa Daudi. Kona ya shamba ni pa kuanzia.

Sheria za nchi zinaanza kulitazama suala hili, kila moja kutoka upande wake. Tangu Januari 2021 Ufaransa inataka laptopu mpya iwekewe alama kati ya sifuri na kumi ya urahisi wa kutengenezwa, ionekane karibu na bei. Alama hiyo inamsemesha mnunuzi wa kwanza. Kenya, kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, imemtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hadi inapogeuka taka. Ni hatua kubwa kwa dunia iliyozalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022 na ikathibitisha kukusanya chini ya robo yake. Lakini uzito wa sheria hiyo uko mwishoni mwa safari, kwenye taka. Mtu wa tatu yuko katikati, na hapo katikati pana muuzaji wa mtumba tu.

Juu ya muuzaji huyo sheria ya Kiislamu ya biashara ina la kusema, na ni la kawaida kabisa. Anayejua aibu, yaani kasoro, ya bidhaa yake lazima aitaje kabla ya kupokea pesa, na mnunuzi akiigundua baadaye ana hiari ya kuirudisha. Laptopu yenye kufuli la mwenyewe wa zamani haina mjadala. RAM isiyoongezeka ndiyo ngumu, kwa kuwa mashine inafanya kazi leo na huenda ikafanya kazi mwakani. Wanafiqhi wengi hupima aibu kwa jambo linalopunguza thamani ya kitu katika desturi ya wafanyabiashara wenyewe. Ikiwa ndivyo, kadhi hana haja ya kujua LPDDR ni nini. Ataagiza wauzaji wawili wa Luthuli Avenue waitwe, awaulize wangenunua kwa bei gani laptopu mbili zinazolingana kwa kila kitu, moja ina sloti na nyingine haina.